Kitenzi Elekezi

Mwalimu Kisamo aliliandika kwa chaki ya kijani,
nyeupe zilikwisha tangu Jumatatu,
herufi nne katikati ya ubao:
beza.
Akatugeukia, vumbi limemjaa kwenye kola.
"Hiki ni kitenzi elekezi.
Hakitulii mpaka kimpate mtu."

Tamkeni polepole, akasema.
Kwanza midomo inafungwa, b,
kama ya mtu anayezuia harufu isiingie.
Halafu e, mdomo unavutwa upande.
Z ni nzi anayezunguka.
Na a, hapo ndipo kicheko kinapotokea,
meno yote nje.

Tukatamka, Kidato cha Pili B nzima.
Haikaeli akazidisha, akabetua mdomo wa chini
tukauona wekundu wake wa ndani.
Mwalimu akasema: sawasawa.

Ndugu zake akawapanga pembeni mwa ubao.
Dharau hukaa moyoni, yaweza hata kukukaribisha chai.
Kejeli imesoma, husema kwa mafumbo.
Dhihaki haitoki nyumbani bila watazamaji.
Kusonya hakuhitaji neno, ni ulimi na meno, basi.
"Na kubeza, mwalimu?"
"Kubeza ni kumpima mtu kwa jicho
ukamwona hafiki bei,
kisha ukahakikisha ameisikia hesabu yako."

Baadaye nimelitafuta kwenye kamusi.
Kamusi inajibu kwa mstari mmoja.
Kamusi haijawahi kukaa dirishani.

Mimi nilikaa dirishani,
na saa nne kasorobo, kama kila siku,
toroli lilipita nyuma ya jiko la shule,
gurudumu likilia kama kifaranga cha bata,
ndoo tatu: ukoko wa ugali, maharage yaliyochacha,
maganda ya ndizi,
zinakwenda Pasua kwa nguruwe sita.
Anayesukuma amejifunga kanga kiunoni,
miguuni buti za mvua, na mvua hakuna.
"Mama Makombo," alisema Haikaeli,
si kwa sauti kubwa, kwa sauti ya kutosha.
Darasa likacheka.
Nami. Midomo ikafungwa, ikavutwa,
nzi akazunguka,
nikatoa a yangu.

Toroli lilisimama.
Elieshi binti Mlay akainama,
akarekebisha kifuniko cha ndoo
ambacho hakikuwa na tatizo lolote,
akaendelea.

"Tungeni sentensi."
Niliandika: Mtoto mdogo aliubeza uji wa ulezi.
Alama mbili kati ya mbili,
na tiki ndefu kama mkia wa mjusi.

Jioni umeme ulikatika.
Mama alitoa ndizi jikoni kwenye makaa,
akapuliza majivu, akanipa iliyo kubwa.
"Leo kengele yenu ilichelewa,"
ndilo pekee alilosema.
Vidole vyake vilinukia sabuni ya kipande.
Aliviosha mara mbili siku hiyo,
nilisikia maji.

Miaka ishirini na sita sasa
nakinyambua kile kitenzi
nikikunja mitumba jioni, Kiboriloni,
mkono wa shati juu ya mkono wa shati:
bezwa, bezana, bezesha. Hivyo vinapita.
Kwenye bezea nakwama.
Kauli ya kutendea, alitufundisha Kisamo,
hueleza tendo lililofanywa kwa ajili ya mwingine.
Pikia: nilimpikia mgeni wali.
Shonea: nilimshonea bibi gauni.
Nilimbezea Haikaeli mama yangu.

Sarufi inaikubali. Nimeikagua pande zote,
haina kosa.

Mama yupo bado, buti ni zilezile au ndugu zake,
Jumapili ananiuliza bei ya pumba
na kwa nini nimekonda.
Namjibu bei ya pumba.

Kiima: mimi. Yambwa: mbili,
mmoja hata simkumbuki sura, 
mwingine ananisogezea kiti.
Kitenzi kimempata mtu, mwalimu.
Hakijatulia.